Dante hatoki nyuma ya kaunta

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wanne tulimaliza chuo Morogoro mwaka juzi, na mpaka leo tunashinda kijiweni, pembeni ya kibanda cha wakala wa pesa. Tumeandika skripti ya kuchekesha kuhusu sisi wenyewe: siku moja nzima kijiweni, stori tu, hakuna mauaji, hakuna uchawi, hakuna mama mkwe. Tuna milioni tatu na nusu ya kuchangishana na kamera ya kuazima, betri moja tu. Jamaa mmoja alitushauri tuangalie Clerks, filamu ya vichekesho ya Mmarekani Kevin Smith. Tumeiangalia wote. Haina rangi, kamera imesimama kama nguzo, watu wanaongea tu. Tulicheka, lakini hatukuelewa inaelekea wapi. Skripti yetu nayo tulipoisoma kwa sauti, sisi wenyewe tulisinzia. Wao waliwezaje? Na ile hela wanayosema walitumia, ni kweli? Skripti nimeiambatisha.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na wenzako wote wanne. Skripti nimeisoma hadi mwisho. Nilicheka pale Bonge anapoomba kuonja kila chapati kabla ya kununua, nikacheka tena kwenye ule ubishi wa nani alimkopa nani mwaka 2019. Halafu ukurasa wa 19 nikasinzia kama nyinyi. Mmefanya la maana sana kuisoma kwa sauti. Wengi wanaoniletea kazi nihariri huwa wanagundua usingizi huo wakati hela imeshakwisha na waigizaji wameshanyoa nywele.

La hela nitalijibu baadaye, maana lina maneno mengi ya kupakwa rangi. Nianze na usingizi.

Mmeitazama Clerks mkaona vijana wasio na kazi. Rudini mumwangalie Dante. Dante Hicks ana miaka 22, na katika filamu nzima ndiye mtu aliyebanwa na kazi kuliko wote. Anauza sigara na maziwa katika duka dogo liitwalo Quick Stop, mji wa Leonardo, jimbo la New Jersey. Filamu inaanza amelala ndani ya kabati la nguo, simu inalia, anaanguka. Ni bosi. Leo ilikuwa zamu ya mwingine, mwenzako anaumwa, nenda ukafungue, saa sita mchana nitakuja kukutoa. Dante anakubali kwa sharti hilo, kwa sababu saa nane ana mechi ya mpira wa magongo. Basi hapo mtego umeshategwa, na hata dakika kumi hazijapita.

Saa sita bosi haji. Baadaye tunakuja kujua kwamba ameshasafiri kwenda jimbo jingine. Kuanzia hapo kila kinachotokea kinamvuta Dante atoke nyuma ya kaunta, na kaunta inamrudisha. Mechi? Wanaenda kuchezea juu ya paa la duka, wateja wakisubiri chini, na mpira wao pekee unadondoka na kupotelea mtaroni kabla hawajatoka jasho. Msiba? Binti aliyewahi kuwa mpenzi wake amefariki, analazimika kufunga duka kwenda kuaga, na anarudi na aibu ya mwaka. Mpenzi mwingine wa zamani, Caitlin, yule ambaye bado anamwota, anamsoma gazetini kwamba amechumbiwa. Mpenzi wa sasa, Veronica, anakuja kumtia moyo na kumletea chakula, na Dante anafanikiwa kugombana naye. Kila akikwama analalamika kwamba leo hakutakiwa hata kuwepo. Mtu anayelalamika hivyo siku nzima ana pa kwenda, ila hawezi kwenda. Hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Sasa angalieni nje ya duka. Kuna ukuta, na kwenye ukuta wameegemea Jay na Silent Bob, mmoja anaropoka, mwingine kimya. Hawa hawana zamu, hawana bosi, hawana saa. Kile ndicho kijiwe. Smith, ambaye mwenyewe ndiye anayemwigiza Silent Bob, aliwapa dakika chache tu: wanatokea, wanatibua, wanarudi ukutani. Silent Bob anaongea mara moja tu filamu nzima, na akisha kuongea unaelewa kwa nini alikuwa ananyamaza.

Skripti yenu, wadogo zangu, ni Clerks ambayo kamera imebaki nje ukutani kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Mtaniuliza kama haiwezekani kabisa kubaki nje. Inawezekana, na yupo aliyefanya. Richard Linklater alitengeneza Slacker huko Austin, Texas, ikaonyeshwa mara ya kwanza 1990, kwa dola kama 23,000. Ni siku moja ya vijana na wazee wasio na ratiba: wanaotembea, wanaobwabwaja, wanaokaa mgahawani wakieleza njama za serikali. Lakini tazameni anavyofanya. Kamera inamfuata mtu dakika chache, anapishana na mwingine njiani, kamera inamwacha wa kwanza na kuondoka na wa pili. Wanapita watu karibu mia, na wa mwanzo harudi. Hupati nafasi ya kumchoka yeyote kwa sababu hukai naye. Kevin Smith aliiona filamu hiyo siku anatimiza miaka 21, Agosti 1991, katika jumba la sinema la Angelika mjini New York, na amesimulia mara nyingi kwamba alitoka pale akiwaza: kama hii nayo ni filamu, basi hata mimi naweza. Akarudi New Jersey, lakini hakuiga. Linklater huwaacha watu wake waende. Smith alimfungia mtu mmoja ndani.

Nyinyi mna watu watano, wote wako huru kuondoka, na wote wamebaki. Hakuna mlichofungia na hakuna mnachokiacha. Ukurasa wa 30 Side anaondoka kwenda kuoga, ukurasa wa 33 amerudi ameoga, na hakuna kilichobadilika isipokuwa harufu.

Nani kijiweni kwenu hawezi kuondoka?

Mnaye, mmemwandika nyinyi wenyewe, na mmempa sentensi mbili. Ukurasa wa nne: “Dada wa wakala anasema floti imeisha.” Ukurasa wa 41: “Dada wa wakala anafunga kibanda.” Yule dada ndiye Dante wenu. Kijiwe karibu chochote ninachokijua hukaa kwenye biashara ya mtu: fundi viatu, kinyozi, muuza kahawa, mangi. Wengine wanapiga stori, yeye anafanya kazi huku akisikiliza, na mwisho wa siku ndiye anayejua siri za wote. Wakala ni mzuri zaidi ya hao wote kwa ajili ya filamu, kwa sababu ana hela ya mtu mwingine ndani ya droo. Hata kwenda chooni ni mtihani. Amwachie nani kibanda, Bonge?

Fikirini naye kidogo. Bosi kamwambia atakuja saa sita kumpokea. Saa nane ana usaili wa kazi mjini, wa kwanza kuitwa tangu amalize chuo. Blauzi ya usaili inaning'inia kwenye msumari ndani ya kibanda, na ameshawakataza mara tatu msiiguse. Saa sita bosi hapokei simu. Hapo sasa kila mzaha wenu wa kijiweni unapata uzito ambao haukuwa nao. Mzee aliyetuma hela kwa namba isiyo yake anataka irudishwe sasa hivi, amesimama dirishani, haondoki. Mtandao unasumbua. Mudi anajitolea kumshikia kibanda “dakika ishirini tu”, na watazamaji wote wameshamwona Mudi na hela. Ule ubishi wa deni la 2019, mkiuweka wakati dada anahesabu droo kwa mara ya pili na haimtoki hesabu, utachekesha mara tatu zaidi, na hamtabadilisha hata neno moja.

Kuna faida nyingine. Sehemu niipendayo kidogo kuliko zote kwenye Clerks ni jinsi inavyowatumia wanawake. Veronica ana akili kuliko wanaume wote waliomo, lakini anakuja, anagombezwa, anaondoka. Caitlin yeye anaishia kwenye kisa cha chooni, anafanya mapenzi gizani na maiti akidhani ni Dante, kisa ambacho wenzangu wengi hucheka na mimi hapo ndipo ninapoacha kucheka; nadhani kijana wa miaka 22 aliyeandika kisa kile angekuwa na dada yake mkubwa mezani, angekitupa. Nyinyi mkimweka dada huyu nyuma ya dirisha la wakala na wanaume ukutani, mtakuwa mmekwepa kosa hilo bila hotuba yoyote.

Msisahau Randal lakini. Dante peke yake ni mtu wa kununa, na mtu wa kununa anachosha baada ya dakika tano. Randal anafanya kazi duka la pili, la kukodisha kanda za video, na hafanyi. Analifunga akitaka, anawatukana wateja, na akihitaji kanda anakwenda kuikodi kwenye duka la wenzake kubwa zaidi. Smith aliandika nafasi ile ajipe mwenyewe, ndiyo maana vichekesho vyote vizuri viko kwa Randal; baadaye akaona hawezi kuongoza huku akikariri maneno yote yale, akampa rafiki yake wa shule, Jeff Anderson. Mwisho wa filamu, baada ya wawili hao kupigana kwa bidhaa za dukani, ni Randal mvivu anayemwambia Dante ukweli: hakuna aliyekufunga hapa, unajifanya una kazi ya maana inayokutegemea, wakati kazi hii yeyote angeifanya. Yaani ule mtego niliousifia muda wote huu, nusu yake kautega mwenyewe. Dada wenu naye atahitaji mtu wa kumwambia neno kama hilo. Mimi ningempa Bonge, kwa kuwa hakuna atakayemtegemea.

Jingine la kuandika, fupi. Msibani, Randal anaangusha jeneza. Hamkuliona likianguka, sivyo? Mnawaona wakiingia, halafu mnawaona wakitoka mbio na kukimbilia gari, na mnajua kilichotokea kutokana na wanavyogombana. Smith hakuwa na hela ya kupiga onyesho lile. Miaka kumi baadaye, kwenye toleo la kumbukumbu la 2004, lilitengenezwa kwa katuni. Tafuteni mkiweza, la kuliwazia ni bora kuliko la kuliona. Kwa hiyo ile ajali yenu ya bodaboda ya ukurasa wa 27, ambayo mmeandika “tutatafuta bodaboda mbovu tuichome”, msiichome. Mleteni Side anachechemea, ameshika kioo cha pembeni mkononi.

Haya, hela.

Tarakimu mliyoisikia, dola 27,575, ni ya kweli, na ni ya upigaji picha wa mwaka 1993. Zilitoka kwenye kadi za mkopo alizozijaza hadi mwisho, mkusanyiko wake wa vitabu vya katuni aliouuza, fidia ya bima ya gari lililoharibiwa na mafuriko, na akiba ya masomo. Alikuwa amekaa chuo cha filamu cha Vancouver miezi minne tu akaacha, lakini huko ndiko alikompata Scott Mosier, aliyekuja kuwa mtayarishaji mwenzake. Hiyo ada haikupotea.

Wasichowaambia ni kilichofuata. Januari 1994 ilionyeshwa tamasha la Sundance, ikapata tuzo, kampuni ya Miramax ikainunua, na ndipo hela za kuimalizia zikatoka: sauti, nakala za kwenye majumba ya sinema, muziki. Gharama hizo zilizidi dola 200,000, na haki za nyimbo peke yake zilizidi gharama ya kuipiga filamu yenyewe. Nchini Marekani filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 3, na mwaka huohuo ikatuzwa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Kwa hiyo mtu akikuambia filamu ile iligharimu dola elfu 27, mwambie hiyo ni bei ya unga. Mkate ulilipiwa na mwingine. Nyinyi hamna Miramax. Nyimbo tisa za wasanii wakubwa mlizoandika pembeni ya skripti, futeni zote nane, na ya tisa muombeni mwenye nayo kwa maandishi kabla ya kupiga hata picha moja. Kijana wa mtaani kwenu mwenye gitaa na kiu ya kusikika atawafaa zaidi.

Lakini katika zile 27,575 kuna somo moja la hela ambalo ningelichora ukutani. Smith alikuwa muuza duka kwelikweli, katika duka lilelile. Mchana alikuwa akiuza, na wenye duka wakamruhusu apige picha likishafungwa, saa nne na nusu usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, usiku 21. Sasa, hadithi yake ni ya mchana na nje kuna giza. Mwenye hela angekodi mataa. Yeye aliandika kwamba mtu ameziba kufuli za shata kwa bazoka, hazifunguki, na Dante analazimika kutundika shuka lililoandikwa kwa rangi ya viatu kuwahakikishia wateja kwamba duka liko wazi. Tatizo la taa likawa kichekesho, tena likawa picha ambayo watu wanaivaa kwenye fulana mpaka leo. Na mtazamaji hahisi pengo. Anahisi Dante amefungiwa zaidi. Kukosa rangi nako ni hivyohivyo: mkanda wa milimita 16 usio na rangi ulikuwa nafuu, na haukusumbuliwa na mwanga wa taa ndefu za dukani. Kamera kusimama kama nguzo, kama mlivyosema wenyewe, hilo ni ugeni wa kazi, wala msilitukuze. Waigizaji wasipotokea, marafiki waliokuwepo walivaa kofia nyingine wakaingia tena: Walt Flanagan amecheza wateja kadhaa tofauti, na mama anayekagua tarehe za maziwa ni mama yake Smith mwenyewe.

Basi kaeni chini muandike upungufu wenu mmoja mmoja, kisha muulizeni kila mmoja: wewe utaingiaje kwenye hadithi? Nimeona kwenye barua yako kwamba kamera ya kuazima haina betri ya pili. Kijiwe ambacho kila saa mbili mtu lazima aende kuomba soketi kwenye kibanda cha wakala, hiyo si shida, hiyo ni onyesho.

Upungufu mmoja tu hauandikiki kwenye hadithi, nao ni sauti mbaya. Niseme mimi niliyeungua. Filamu yangu fupi ya kwanza niliipigia ndani ya duka, na nilisahau kuzima friji ya soda. Kwa sikio hulisikii. Mezani nikaanza kukata, na kila nilipounganisha picha mbili mngurumo uliruka: upo, haupo, upo, haupo, kama mtu anakoroma chini ya kaunta. Filamu ya maneno matupu ikisikika vibaya haina kitu kilichobaki. Kwa hiyo katika milioni tatu na nusu, kabla ya lenzi na kabla ya fulana za timu, kodini maikrofoni nzuri pamoja na mtu anayejua kuishika. Friji ikizimwa, wekeni ndani yake funguo za pikipiki mtakayorudia nyumbani, hamtasahau kuiwasha tena na mwenye duka hatapoteza maziwa. Na kila mahali mnapopiga, rekodini dakika moja ya ukimya wa pale. Siku ya kuhariri mtanikumbuka.

Kibali cha Bodi ya Filamu ombeni mapema, na mkimaliza ipelekeni ikakaguliwe na kupewa daraja kabla hamjaionyesha popote kwa umma. Clerks yenyewe ilipigwa daraja kali kuliko yote Marekani kwa maneno tu, bila picha yoyote ya utupu, mpaka mwanasheria akakata rufaa ndipo ikashushwa bila kukatwa. Nyinyi msitegemee rufaa. Kiswahili cha kijiweni kina namna mia za kutukana bila kutukana, na zote zinachekesha kuliko tusi lenyewe.

Mwisho wa skripti yenu, gari linamgonga Mudi anakufa. Najua mmefanya hivyo kwa sababu hamkujua pa kusimamia. Smith naye alifanya hivyohivyo: toleo la kwanza linaishia Dante anapigwa risasi na jambazi saa ya kufunga duka. Wazoefu walioiona wakamshauri akate pale, akakata, na filamu ikaishia kwenye kufunga tu. Mwacheni Mudi aishi. Dada afunge kibanda, aichukue blauzi yake msumarini, au aivae hapohapo saa kumi na mbili jioni usaili ukiwa umeshapita. Hilo mtaamua wenyewe, mnamjua kuliko mimi.

Ila katika kurasa 62 hamjampa hata jina. Mkishampa, nitumieni kurasa kumi za kwanza.